Historia ya Mama Rudia, Isomwe Mara Mbili

Wazee wetu, ndugu na jamaa, majirani, watumishi wenzake wa marehemu kutoka maabara, nanyi mliosimama kule nyuma karibu na tangi la maji, mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na marehemu ni dada aliyeniachia ziwa, kwa hiyo kazi hii ya kusoma habari zake sikuiomba, nimeirithi. Kwenye ratiba mliyogawiwa imeandikwa historia fupi, dakika kumi, na asubuhi hii kamati imenikabidhi kurasa mbili zilizochapwa vizuri, lakini mkononi mwangu mnaona kurasa tatu, na ule wa tatu ni mwandiko wa marehemu mwenyewe. Kaka yetu mkubwa, aliyeketi hapo mbele, ameniomba kwa heshima niuache nyumbani, kisha ameniomba tena, na mara hiyo heshima ilikuwa imepungua. Sikuuacha. Natanguliza kulisema hili ili kila mtu aketi akijua kilichopo, maana mimi si mtu wa kuvizia.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1956, mtoto wa pili kati ya watatu wa baba yetu, aliyekuwa dobi wa hospitali, na mama yetu, aliyetulea sisi na nusu ya watoto wa mtaa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na chumba cha kufulia, ambako mvuke wa mashuka uliingia dirishani kwetu asubuhi na jioni, na harufu ya dawa ya madoa ilishika mpaka kwenye mito ya kulalia, ndiyo maana yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba wengine huzaliwa wachafu wakaogeshwa, yeye alizaliwa ameshafuliwa. Mwaka 1963 kifaduro kilipita mtaani kwetu, kaka na mimi tukakohoa miezi mitatu, tukikohoa mpaka kutapika na macho kuwa mekundu, lakini yeye, aliyelala katikati yetu kitanda kimoja, hakukohoa hata mara moja, na tangu siku hizo mama akawa na wimbo mmoja kwa kila mgeni aliyevuka kizingiti, kwamba huyu binti damu yake haishikwi. Tulikua tukiuamini wimbo huo kama tulivyoamini kwamba jua linachomoza, na yeye aliuamini kuliko sisi sote. Naomba mlishike jambo hilo la damu, nitalihitaji mbele.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1964 hadi Desemba 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, akiwa wa tatu darasani miaka yote minne, na kila jioni alikuwa akinisahihishia hesabu zangu mezani kwa mama, akizitazama mara moja tu, kisha akinirudishia daftari bila kusema wapi nimekosea, isipokuwa neno moja, rudia. Nilimchukia kwa neno hilo, Mungu anisamehe, na baadaye nimelitumia kwa watoto wa watu miaka thelathini na minne. Kutoka 1975 hadi 1977 alisoma chuo cha wataalamu wa maabara, akahitimu, na tarehe 3 Januari 1978 akaajiriwa katika maabara ya hospitali ileile ambayo baba alikuwa anafua mashuka yake, yeye sakafu ya juu na darubini, baba sakafu ya chini na ndoo, wakikutana saa saba mchana kula chakula kwenye ngazi.

Huko maabara ndiko jina la Mama Rudia lilikozaliwa, kwani alikuwa na sheria yake ambayo hakuipata kwenye kitabu chochote, kwamba majibu yakitoka mara moja ni tetesi, yakitoka mara mbili yakiwa yale yale ndipo mtu anatia saini. Vijana wa kazi walimlalamikia sana, maana foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa akimwaga kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya kishimo kimoja cha sahani ya vipimo alichokitilia shaka, lakini mwaka 1987 kuna mtu aliyeambiwa mara mbili kwingineko kwamba makohozi yake ni masafi, Mama Rudia akasema rudia, na mara ya tatu vijidudu vya kifua kikuu vikaonekana, akaanza dawa akiwa amebakiwa na mifupa na ubishi. Mtu huyo yupo hapa, ni fundi seremala, na jeneza hili mnaloliona amelitengeneza kwa mikono yake, akakataa kulipwa. Mwaka 1994 marehemu alihamishiwa maabara ya utafiti wa magonjwa ya kifua, akabaki huko mpaka kustaafu kwake tarehe 30 Juni 2016.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, shemeji yetu mpendwa, mtu wa maneno machache na honi nyingi, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume mwaka 1983, ambaye leo ni fundi umeme, wa pili wa kike mwaka 1986, na wa tatu wa kike mwaka 1990. Shemeji alitangulia tarehe 19 Septemba 2004, kwa ajali akiwa kazini, na marehemu akalea nyumba peke yake, akasomesha, akaozesha, akajenga vile vyumba vya uani, na wala sikumbuki kumsikia akisema amechoka, ingawa nakumbuka vizuri kumsikia akisema sisi wengine ni wavivu.

Sasa nafika mahali ambapo kurasa za kamati zinaruka kutoka mwaka 2009 hadi mwaka 2016 kwa mstari mmoja unaosema aliendelea kulitumikia taifa, na mimi sitaruka. Kaka, nimekuona ukinionyesha saa. Nina saa yangu.

Tarehe 7 Novemba 2009 mtoto wake wa kwanza alioa, akamwoa fundi cherehani mwenye kibanda chake mwenyewe karibu na stendi, msichana mwenye mikono myepesi na kicheko cha haraka, marehemu akampenda, akawa anamwita mwanangu na si mkwe, na tarehe 2 Julai 2011 akazaliwa mjukuu wa kwanza wa nyumba hii, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Marehemu alichukua likizo ya wiki mbili ili amsaidie mzazi, akawa ndiye anayemwogesha mtoto, anayembeba, anayemlaza kifuani akimwimbia, na sote tuliokuja kumtazama mtoto tulimkuta bibi ana kikohozi, kikavu, cha vipindi, ambacho kilikuwa kimeanza siku kama kumi na mbili kabla ya mtoto kuzaliwa na kilikaa wiki saba, tukamtania kwamba hatuhitaji tena kengele ya mlangoni, mwenye nyumba anajitangaza mwenyewe. Alisema ni hali ya hewa. Nani angebishana naye, yeye ndiye aliyekuwa na digrii ya vikohozi.

Tarehe 24 Julai mtoto alianza kukohoa, si kikohozi cha kelele, ni vikohozi vidogo vidogo, kisha anakatika pumzi, midomo inabadilika rangi, na tarehe 31 akalazwa wodi ya watoto, ambako daktari aliandika kwenye faili neno kifaduro, akaweka alama ya kuuliza. Marehemu aliisoma faili hiyo akiwa amevaa koti lake jeupe, akamwambia daktari kijana yule kwamba katika nyumba yetu hakuna mwenye kifaduro, atafute kitu kingine, na kwa kuwa aliyesema ni Mama Rudia, kipimo hakikuchukuliwa. Mtoto alifariki tarehe 9 Agosti 2011, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa siku thelathini na nane, zikiwa zimebaki siku nne tu kufikia sindano yake ya kwanza ya chanjo.

Tarehe 21 Agosti kikao cha familia kilikaa sebuleni kwa kaka, mwenyekiti akiwa kaka, katibu nikiwa mimi, na watu wakauliza, kama watu wanavyouliza wakiwa na uchungu na hawana pa kuuweka, ni nini kilichomuua mtoto. Macho yote yalimgeukia mtaalamu. Naye akasema maneno haya, nayasoma kutoka kwenye muhtasari niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Ni vumbi la vitambaa. Alimlaza mtoto chini ya cherehani, vumbi likamziba kifua." Basi. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu, alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea majibu ya maabara, na hiyo ndiyo iliyotumaliza, kwa sababu tusi mtu hulikataa, majibu hayakataliwi. Yule binti alisema mtoto hajawahi kulazwa kibandani, kwamba cherehani ilikuwa imefunikwa tangu mwezi wa saba uanze, na mimi katibu, mwalimu mkuu, mtu wa kupenda ushahidi, sikuyaandika maneno yake, ukurasa ninao hapa, hayamo. Mume wake alitazama sakafu. Watu wa nyumba hii wakaanza kupeleka nguo zao kwa fundi mwingine, shangazi mmoja akamwambia hata shuka la mtoto asilishike, na mwezi Desemba mwaka huohuo akafunga vitu vyake kwenye mkokoteni akaondoka kwa mumewe, akabaki na kibanda chake cha stendi. Talaka haikuandikwa. Hakuna aliyemfukuza, tulihakikisha tu kwamba hakuna aliyemwambia kaa.

Tarehe 6 Februari 2012 maabara ya marehemu ilianza kazi kubwa iliyokuja kumpa sifa, ya kupima damu za watu mia sita na arobaini wa rika zote, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka sabini na zaidi, ili kujua katika kila umri ni watu wangapi wana kingamwili za kifaduro, yaani alama ambazo damu hubaki nazo baada ya mwili kupambana na vijidudu, au baada ya kuchanjwa. Walizunguka mashuleni, sokoni, viwandani, kwenye nyumba za wazee, na tarehe 22 Februari walipoweka meza yao pale stendi, katika foleni ya kundi la miaka ishirini hadi ishirini na tisa alisimama fundi cherehani mmoja, akamwona aliyeshika sindano ni nani, akasema shikamoo mama, akanyoosha mkono. Alipewa namba 118. Marehemu alimtoa damu akamfunga pamba, na hawakuzungumza neno lingine.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kishimo tone la damu ya mtu, na dawa inayogeuka rangi ya manjano palipo na kingamwili nyingi, na katika kila sahani lazima kiwepo kishimo kimoja cha mtu anayejulikana kwamba hana, ambacho kinatakiwa kubaki cheupe, nao wenyewe wanakiita shahidi, kwani kikigeuka rangi sahani nzima haiaminiki. Katika maabara zetu nyingi, na wanisahihishe wenzake waliopo, shahidi wa aina hiyo huwa hatoki mbali, mtumishi mmoja anajitoa damu yake. Mama Rudia alijitoa yeye. Angejitoa nani mwingine, wakati mama yake alimwimbia miaka arobaini kwamba damu yake haishikwi?

Tarehe 6 Machi sahani ya kwanza ilitoka, na shahidi akawa manjano. Akaimwaga, akasema rudia. Tarehe 8 Machi shahidi akawa manjano tena, akaimwaga, akalaumu dawa, akalaumu friji, akamlaumu kijana aliyeshika bomba la kupimia matone. Tarehe 13 Machi wakafungua boksi jipya la dawa, akafanya kila kitu kwa mikono yake, na shahidi akawa manjano kuliko vishimo vyote vya sahani ile, na hapo mkuu wa maabara, daktari ambaye yuko nasi hapa na ndiye aliyenisimulia haya, akamwambia: "Mama Rudia, sahani ni nzima. Mbovu ni shahidi."

Marehemu alikwenda kwenye jokofu la barafu, ambako damu za watumishi zilihifadhiwa tangu 2008, akatoa kichupa chake cha zamani, akakiweka sahani moja na kile kipya, na baada ya saa tatu kile cha 2008 kilikuwa cheupe kama maji na kile kipya kilikuwa manjano, kwa kiwango ambacho kila mtu chumbani alijua maana yake, kwamba mwenye damu hii aliugua kifaduro ndani ya mwaka mmoja uliopita. Akarudia. Majibu yakawa yale yale. Kisha akaitafuta sahani yenye namba 118, ambayo hakuhitaji kuuliza ni ya nani, kwa sababu namba aliiandika mwenyewe, na kishimo kilikuwa cheupe.

Taarifa ya utafiti ule ilipotoka mwaka 2013 ilieleza kwamba watoto wadogo waliochanjwa wana kinga nzuri, kwamba kinga hiyo inashuka wakifika umri wa shule ya msingi, na kwamba kuanzia vijana hadi watu wa miaka hamsini na kitu alama zinapanda tena, na hawa hawakuchanjwa tena, maana yake wanaugua, wanakohoa wiki sita, wiki nane, wanaita hali ya hewa, wanakwenda kazini, wanabeba watoto wachanga. Katika kundi la miaka arobaini hadi hamsini na tisa, watu kumi na mmoja katika kila mia walikuwa wameugua karibuni bila kujua. Marehemu alipewa cheti, na ni yeye aliyepigania lile tangazo lililobandikwa mlangoni mwa wodi ya wazazi, linalosema ukikohoa usimbebe mtoto mchanga hata kama ni wako, ambalo wengi wenu mmelisoma mkadhani limeandikwa na serikali.

Tangazo aliliandika. Kwenye kikao cha familia hakurudi. Miaka kumi na moja, ndugu zangu, dada yangu aliyerudia kila kitu, aliyenirudishia hesabu zangu kwa kosa la koma moja, jambo hili moja hakulirudia, na nasema wazi kwamba nilipolijua nilimkasirikia, na hata sasa nikiwa mbele ya jeneza lake sijamaliza kukasirika, ingawa nampenda. Tulipokuwa tukipanga nguo zake juzi tulifungua mtoto wa meza ya kitanda, tukakuta vidonge kumi na kimoja vya uzi wa kushonea, rangi mbalimbali, vipya, havijaguswa, na kila mtu aliyemfahamu anajua kwamba marehemu hakuwahi kushona hata kifungo. Binti yake ndiye aliyetambua karatasi zilizofungia uzi huo kuwa za kibanda cha karibu na stendi, nasi tukaelewa. Kila mwaka alikuwa akienda mara moja, anasimama mbele ya cherehani, anapokelewa kwa shikamoo mama, anaulizwa anahitaji nini, na ujasiri unamwisha, anasema naomba uzi.

Ugonjwa wake ulianza Machi 2021 kwa miguu kuvimba na pumzi kukatika akipanda ngazi, akagundulika kuwa na moyo uliotanuka, akatibiwa katika kliniki ya moyo kwa miaka miwili, akalazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 18 Mei 2023, chumba cha tatu, kitanda cha dirishani. Huko ndiko alikomwita mwanawe wa kwanza na mimi, akatueleza yote, akalia, mwanawe akatoka nje akakaa kwenye benchi la korido saa nzima, kisha akarudi akamnywesha maji. Nilimwambia dada, mwite huyo binti, yuko umbali wa nusu saa. Akaniambia: "Nilimchafua mbele ya watu. Nikimsafisha chumbani, nitakuwa nimeiba." Akaomba kalamu, akaandika ukurasa huu, siku mbili, kwa sababu mkono ulikuwa unamchoka, akanikabidhi tarehe 29 Mei, akanipa na masharti, kwamba usomwe siku ya maziko yake, mbele ya wote waliokuwa kwenye kikao, na kwamba usomwe mara mbili. Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Kaka yangu anasema marehemu hachafuliwi, na anasema mambo ya nyumbani hayaanikwi uani. Kaka, mimi na wewe tulianika. Tuliyaanika mwaka 2011, mbele ya watu ishirini na watatu, idadi ipo kwenye muhtasari, na kilichokuwa kwenye kamba hakikuwa nguo yetu. Nasoma.

"Mimi ni mtaalamu, kwa hiyo nitasema ninachokijua na nisichokijua. Sijui kwa hakika kwamba ni mimi niliyempa mjukuu wangu kifaduro, kwa sababu kipimo chake mimi ndiye niliyekizuia. Najua kwamba nilikuwa nacho, na kwamba nilimbeba. Najua kwamba mama yake damu yake ilikuwa safi. Najua kwamba vumbi halisababishi ugonjwa ule, na nilijua hivyo hata siku ile, lakini nilitaka jibu lolote ambalo halikuwa mimi. Mtoto wetu hakuuawa na vumbi la vitambaa wala na uzembe wa mama yake. Nilisema bila kuhakikisha, kisha nikahakikisha, nikanyamaza. Mwanangu, sikuombi unisamehe, naomba waliokusikia ukisemwa wasikie ukisafishwa."

Hiyo ni mara ya kwanza.

Marehemu ameacha watoto watatu, mkwe mmoja wa kike na wawili wa kiume, na wajukuu watano. Kurasa za kamati zinasema wajukuu wanne, na zimesahau mkwe wa kike, nimesahihisha kwa kalamu nyekundu kama nilivyozoea, mjukuu waliyemsahau ndiye wa kwanza kuzaliwa, aliishi siku thelathini na nane na anahesabiwa.

Kwa niaba ya familia, napenda kuwashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya moyo, na hasa muuguzi wa chumba cha tatu aliyemshikilia karatasi ili aandike, tunawashukuru majirani waliotupikia na kutufagilia tangu siku ya msiba, tunamshukuru fundi seremala, tunawashukuru watumishi wa maabara na mkuu wao, ambaye aliniambia kwamba kichupa cha 2008 na kile cha 2012 bado vipo kwenye barafu, akauliza kama tungependa vitupwe, nikamwambia viache. Tunamshukuru daktari kijana wa wodi ya watoto, ambaye sasa si kijana tena, na popote alipo ajue kwamba alama yake ya kuuliza ilikuwa sahihi. Tunawashukuru wote kwa michango yenu, kwa usafiri, kwa machozi, na wale ambao sikuwataja, mnajifahamu, na Mungu anawafahamu zaidi.

Wengi mmekuwa mkijiuliza kuhusu kiti hiki cha mbele kilichobaki wazi wakati watu wamesimama juani. Mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye aliyekiweka, na amekizuia tangu saa mbili asubuhi, hata kwa shangazi. Mama wa mtoto, wewe uliyesimama kule karibu na tangi la maji, nimekuona tangu ulipoingia, kiti hiki ni chako.

Naona unatikisa kichwa. Ni haki yako. Hujaombwa ujibu chochote leo, na hukuja hapa kutupunguzia sisi mzigo, kama unataka kubaki umesimama, simama. Lakini si vyema mtu mmoja asimame peke yake kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo naomba tusimame sote. Wazee wenye magoti mabaya mtanisamehe. Shangazi, na wewe.

Nasoma mara ya pili, kifungu kimoja tu, na safari hii siwasomei ninyi.

"Mtoto wetu hakuuawa na vumbi la vitambaa wala na uzembe wa mama yake."

Nami katibu naongeza, kwa ajili ya muhtasari, kwamba mama wa mtoto alisema cherehani ilikuwa imefunikwa tangu mwezi wa saba uanze, na kwamba alisema kweli.

Naona kaka naye amesimama. Asante, kaka.

Dada, nimerudia mbele ya watu kama ulivyoagiza, na majibu ni yale yale. Tia saini, kisha upumzike kwa amani.